Waya Mweupe wa Mnara Wetu

Nilimsikia dada yangu akipigwa na radi.

Sikusimuliwa na mtu. Nilimsikia kwa masikio yangu haya, saa nane na dakika arobaini mchana, nikiwa chali wodini, redio ndogo kifuani, mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba kama nyama buchani.

Na aliyemwondolea kinga yake ni mimi. Bila kushuka kitandani.

Hii stori nimeiandika na kuifuta mara nne. Leo naiacha. Wanaokuja kunitukana karibuni, ila someni mpaka mwisho ndipo mtukane.

Mimi ni fundi wa mnara wa redio. Redio yenyewe ndogo, vyumba vitatu na choo, na mnara wa mita sitini nyuma yake. Dada yangu mkubwa ni mtangazaji hapo hapo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, ndiye aliyenisomesha ufundi, na ndiye aliyenipeleka kwa bosi akasema, "Huyu mdogo wangu ana mikono."

Wasikilizaji wanamwita Mama Salamu, kwa sababu ya kipindi chake cha mchana. Unapiga simu, unasalimia watu wako, anakutania kidogo, anakuwekea wimbo. Simu ya studio kuanzia saa nane mpaka saa tisa haishikiki. Kumbukeni hilo.

Sasa, mnara ni mrefu, na radi inapenda vitu virefu. Kwa hiyo kila mguu wa mnara unafungwa waya mnene unaoingia ardhini. Radi ikipiga juu, inashuka na waya, inazama kwenye udongo, maisha yanaendelea.

Waya huo ukiwa mzima, dada yangu anasalimia watu. Ukiwa mbovu, radi inatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni ile kebo ya mawimbi inayotoka mnarani kuingia studio. Mwisho wake pana meza, maikrofoni na hedifoni. Na hizo hedifoni ziko kwenye kichwa cha dada yangu.

Sisi tulikuwa tunatumia shaba. Shida ya shaba mnaijua. Wezi wanaipenda kuliko wake zao.

Waliiba mara ya kwanza, tukaweka nyingine. Wakaiba ya pili. Ya tatu waliichukua mchana kweupe, mlinzi amekwenda kununua vocha. Bosi akaniita ofisini.

"Weka aluminiamu," akasema. "Naambiwa wezi hawana habari nayo."

"Bosi, aluminiamu ikiwa juu hewani haina neno. Tatizo ni kuizika. Udongo wenye unyevu unaila. Misimu miwili ya mvua, umebaki na unga."

"Mbona nyaya za umeme barabarani ni aluminiamu?"

"Hazijazikwa, bosi."

"Basi chuma. Kile cha kupakwa zinki."

"Chuma kinaweza, ila hakipitishi kama shaba. Inabidi kiwe kinene sana, na zinki ikiisha kutu inaanza kazi."

Akavua miwani. "Yaani kila nikikuuliza, jibu ni shaba."

"Si mimi, bosi. Ni udongo wenyewe."

Halafu akasema ataleta shaba mara ya mwisho, na ikiibwa, ataweka aluminiamu na karatasi ya kukubali nitasaini mimi. Nikatoka mle ndani nimenyong'onyea.

Msidhani nilikuwa mbishi tu. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye redio nyingine ambako radi ilikuwa imeunguza mitambo yote. Juu ya ardhi waya wao wa aluminiamu ulikuwa unang'aa, huwezi kuutilia shaka. Nikafukua. Chini nikakuta unga mweupe, kama chokaa, ukiushika na vidole unamwagika. Wale watu walikuwa wanatangaza miaka yote wakiamini wana kinga, kumbe wana pambo.

Siku niliyorudi nilichukua kalamu nene nyekundu nikaandika kwenye ukuta wa chumba cha mitambo, herufi kubwa:

WAYA MWEUPE ARDHINI NI KABURI. UKIUONA, FUNGUA. USINIULIZE.

Chini yake nikaongeza: BORA KUKOSA WAYA UKAJUA, KULIKO KUWA NAO MBOVU UKALALA.

Bosi alinuna kwa kuchafuliwa ukuta. Dada yeye alisimama pale akaisoma mara mbili, akasema, "Mdogo wangu, umeandika kama mtu anayeagana." Tukacheka.

Basi, shaba ya mwisho ikaja, nikaifunga. Nikawa nawaza, hii nayo wataila. Mlinzi ni yule yule, uzio ni ule ule.

Ndipo nikapata akili. Au niseme, nikadhani nimepata.

Jumapili moja, redio inapiga nyimbo za kurekodi na ofisini hakuna mtu, nilikwenda na kopo la rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti. Nikaipiga msasa ile shaba, nikaipaka kuanzia kwenye mguu wa mnara mpaka inapozama ardhini. Miguu yote mitatu. Vichwa vya waya, pale panapofungwa bolti, tayari vilikuwa vimepakwa bati kiwandani, kwa sababu shaba na zinki ya mnara zikigusana kwenye unyevu zinaanza kulana. Kwa hiyo navyo vilikuwa vyeupe.

Nikasimama mbali nikaangalia. Wallahi, hata mimi ningesema ni aluminiamu.

Sikumwambia mtu. Mlinzi simwamini. Bosi akiwa na wageni mdomo wake hauna mlango. Na dada yangu, jamani, kazi yake ni kutangaza. Nikasema, siri ya wawili si siri, hii nitakufa nayo.

Miezi minane haikuguswa. Asubuhi moja nikakuta nyayo zimezunguka mnara, zimesimama mguu hadi mguu, zimeondoka. Hakuna hata nati iliyolegezwa. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akauliza kama niko sawa.

Nilijiona mjanja sana. Nawaambia ukweli, nilijisikia kama nimeshinda serikali.

Halafu nikaanguka.

Mkisikia fundi wa mnara ameanguka mnafikiria mita sitini. Hapana. Nilianguka kutoka kwenye stuli, sebuleni kwangu, nabadilisha balbu. Miaka kumi na tisa napanda minara, nikaangushwa na stuli ya mbao. Mganga hajigangi. Paja likavunjika sehemu mbili, nikalazwa, mguu ukafungwa kamba na vyuma vya uzito. Daktari akasema wiki sita hapo hapo.

Bosi akatafuta fundi wa muda. Akampata mzee mmoja aliyestaafu kazi ya simu, ambaye ofisini walimpa jina la Mzee Taratibu ndani ya siku mbili. Huyo hafungui mlango kabla hajasoma maandishi yaliyo juu yake. Sikuwa nimekutana naye, na namba yake sikuwa nayo. Nilitegemea tu kwamba kwa wiki sita hakuna kitakachohitaji kuguswa.

Mimi huko wodini nilikuwa na kazi moja, kusikiliza redio. Na kupiga simu kwenye kipindi cha dada kumsumbua.

Siku ya kwanza alinipokea hewani akasema, "Wapenzi wasikilizaji, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, huyu wangu amerejea kwenye simu." Toka siku hiyo naitwa Guu. Watu wakawa wananitumia salamu. Siku ya tatu nilijifanya mtu wa zimamoto, nikamwambia studio inaungua, atoke mbio. Alitoka kweli! Wasikilizaji walicheka wiki nzima, na yeye aliniapia hewani, "Guu, hunipati tena."

Hilo nalo likumbukeni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nimekula, nesi amepita, nimewasha redio. Kitanda changu kilikuwa dirishani, na dirisha linatazama kule kwetu. Mnara wetu ulikuwa unaonekana kwa mbali, mwembamba, juu ya mapaa.

Saa nane na dakika kumi hivi, kati ya nyimbo mbili, dada akasema:

"Hii ni ya mdogo wangu Guu, ukinisikia huko wodini. Lala salama baba, mnara wako una mlinzi. Leo asubuhi tumegundua waya mbovu wa aluminiamu umefungwa pale chini. Mzee Taratibu ameshaufungua wote, miguu mitatu, kama ulivyoandika ukutani. Shaba mpya iko njiani inakuja. Raha jipe mwenyewe!"

Akaweka wimbo.

Kwanza sikuelewa. Nikawa najiuliza, waya gani wa aluminiamu? Kwetu hakuna aluminiamu.

Halafu nikaikumbuka ile rangi ya fedha.

Mnara ulikuwa umesimama mtupu. Wamefungua shaba yangu. Wamefungua bolti tu, vichwa vya waya ni vyeupe, rangi ni nyeupe, hakuna aliyekwangua, na kwa nini akwangue? Fundi ameshaandika kwa mkono wake, usiniulize.

Nikatazama nje. Nyuma ya mnara, juu ya vilima, kulikuwa na wingu. Halikuwa dogo. Lilikuwa jeusi chini na linakuja upande wetu.

Kumbukeni studio haina dirisha. Kuta zimevikwa makapeti kuzuia kelele. Dada pale ndani hajui kama nje ni jua au gharika.

Nikapiga simu ya studio. Inatumika.

Nikapiga simu yake ya mkononi. Imezimwa, akiwa hewani huwa anaizima, sheria yake mwenyewe.

Nikampigia bosi. Ikaita mpaka ikakata. Nikarudia. Ikakata. Baadaye nilikuja kujua Mzee Taratibu alimwachia maagizo, kwamba wingu likionekana wazime mitambo mara moja, halafu yeye akaenda kufuata shaba. Bosi akasema sawa, akaenda kula, simu akaiacha mezani.

Studio tena. Inatumika.

"Nesi!" nikaita. "Nesi, nifungulie huu mguu!"

Akaja. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi! Nataka kwenda redioni, dada yangu atakufa!"

Akanishika paji la uso kuangalia homa. Nikamwonyesha wingu, nikamwonyesha redio, nikamweleza shaba, rangi, bolti, yote kwa pamoja. Yeye anaitikia "ndio, ndio" kwa ile sauti wanayotumia kwa wazee waliochanganyikiwa. Akaniambia nitulie, daktari atapita saa kumi.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Bwana Guu, leo una mchezo mzuri kuliko ule wa zimamoto."

Wodi nzima ikacheka. Nilitaka kulia, na nililia.

Studio. Inatumika. Watu wanasalimiana! Mmoja anamsalimia shemeji yake, mwingine anawasalimia mafundi cherehani wote, dada anacheka nao, na nyuma ya mnara wingu limeshafika. Nikaona mwanga wa kwanza. Nikahesabu. Ngurumo ikafika nikiwa nimefika kumi na moja.

Studio. Inatumika.

Mwanga tena. Nikafika saba.

Nilikuwa nabonyeza namba ile ile kidole kinateleza kwa jasho. Sijui nimepiga mara ngapi. Na ghafla ikaita.

"Halo halo, karibu kwa Mama Salamu, naongea na nani?"

Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye simu na kwenye redio kwa pamoja.

"Dada ni mimi! Vua hedifoni! Zima mitambo, toka nje ya studio sasa hivi!"

Akaangua kicheko. "Wapenzi wasikilizaji, Guu huyo! Leo ni moto tena au mafuriko?"

"Dada sitanii! Kuna radi! Ule waya mliofungua si aluminiamu, ni shaba! Nimeupaka rangi mimi!"

"Umepaka rangi shaba? Makubwa! Haya, umepaka rangi, na salamu zako ziende kwa nani?"

"Dada!" Nilikuwa napiga kelele mpaka wodi imenyamaza. "Naapa kwa kaburi la mama!"

Kicheko kikakatika.

Sisi wawili tuna utani wa kila namna, lakini kaburi la mama halijawahi kuingia kwenye mzaha wowote. Nikamsikia anavuta kiti.

"Umesema nini wewe? Ule waya ni wa—"

Dirishani kila kitu kikawa cheupe.

Sijui nieleze vipi mlio ule. Kwenye redio ulikuja mkwaruzo mfupi, na ndani yake sauti ya dada, si neno, ni "ha" tu. Halafu redio ikawa inanong'ona shhhh. Simu ikawa kimya sikioni. Ngurumo yenyewe ndiyo ikafika baadaye, ikatikisa vioo.

Nikabaki nimeshika simu. Hakuna aliyecheka tena. Nesi alikuja akanishika mkono, akakaa nao hivyo hivyo, na mimi nikawa namwita dada kwenye simu iliyokatika.

Nilikaa hivyo saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu sijui kama nina dada au sina. Hakuna aliyepokea simu, hakuna aliyekuja, na mguu wangu uko pale pale juu kwenye kamba.

Jioni wakamleta hospitali ile ile. Yu hai.

Daktari alisema alikuwa anavua hedifoni wakati radi inaingia. Upande mmoja ulikuwa umeshaachia sikio, mwingine bado. Mikono imeungua, nywele za upande mmoja zimekwenda, na masikio yote mawili hayasikii kitu. La kushoto huenda likarudi kidogo. La kulia tusahau.

Kesho yake alilazimisha aletwe wodini kwangu. Wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu, kichwa kimefungwa bandeji, akawekwa kando ya kitanda. Nikafungua mdomo kumwomba radhi, yeye akaanza kwanza. Anapiga kelele, kwa sababu hajisikii.

"MDOGO WANGU! USIJALI! NIMEWAKAMATA!"

Wodi nzima ikageuka.

"WALIKUIBIA SHABA YAKO UMELALA HAPA! WAKAWEKA ALUMINIAMU! BOSI NILIMWAMBIA WAZI, ULINGOJA MDOGO WANGU AVUNJIKE MGUU! AKAKATAA! AKASEMA TUSUBIRI SHABA IFIKE NDIYO TUFUNGUE! NIKAMSHIKA MZEE TARATIBU MKONO, NIKAMPELEKA UKUTANI, NIKAMWAMBIA SOMA! FUNDI AMESEMA UKIUONA FUNGUA! SPANA NILIMPA MIMI!"

Akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekupigania na kushinda. "SIKUKUBALI WAKUCHEZEE!"

Basi ndiyo hivyo.

Bosi, niliyekuwa namlaani usiku kucha, ndiye aliyetaka kusubiri. Mzee Taratibu alifuata maandishi. Aliyeufungua mnara ni dada yangu, kwa sababu yangu, akilinda jina langu kwa maneno yangu mwenyewe.

Kumbe hata alichokisikia kwenye simu hakikumfikia sawasawa. Alisikia kaburi la mama, akajua kuna hatari, akavua hedifoni. Lile la rangi alikuwa bado ananiuliza wakati radi inafika.

Nikamwambia, "Dada, ni mimi. Niliupaka rangi." Akaniangalia midomo, akatikisa kichwa. Nikarudia kwa sauti, wodi nzima ikasikia isipokuwa yeye.

Ikabidi niandike. Nikachukua bahasha ya picha za mguu wangu, nikaomba kalamu kwa nesi, nikaandika nyuma yake: Ule waya ulikuwa shaba. Niliupaka rangi ya fedha kuwadanganya wezi. Sikumwambia mtu. Nisamehe.

Akaisoma. Akaisoma tena, taratibu, kama alivyosoma ule ukuta.

Nikangoja anipige. Bora angenipiga. Alichofanya ni kuishusha bahasha magotini, na kwa mara ya kwanza toka alipoingia akaongea kwa sauti ndogo, sijui alijuaje kuipunguza.

"Kumbe kuandika unajua," akasema. "Kule kwenye waya hukuandika kwa nini?"

Nikamrudishia nesi kalamu yake.

Ni mwaka mmoja na nusu sasa. Shaba imerudishwa, miguu yote mitatu. Kipindi cha salamu kipo, ila simu hazipokelewi tena. Watu wanatuma salamu kwa maandishi, dada anazisoma, na sikio la kushoto linashika muziki ukiwekwa juu sana. Wasikilizaji wapya wanadhani ndivyo mtindo ulivyo.

Ukuta wangu niliupaka chokaa mwenyewe. Ndani ya mlango wa chumba cha mitambo, mahali mwizi hafiki ila fundi yeyote lazima apite, kuna karatasi moja. Imeandikwa kwa mkono wa dada: Nje mweupe, ndani shaba. Usifungue.

Mafundi wenzangu, na wengine wote mnaojiona wajanja kama nilivyojiona mimi: kitu ukimficha mwizi, angalia usiwe umemficha na wa nyumbani kwako. Mwizi alitazama waya wangu akaupita akaenda zake. Aliyenipenda ndiye aliyetoa spana.